Mtoto wa Ishirini na Tano

Wilaya ya Shule ya Mkataba ya East Guidry ilikuwa na jina refu kuliko eneo lake. Wilaya nzima ilikuwa jengo moja la matofali lililowahi kuwa duka la samani, wanafunzi mia mbili na kumi na mmoja kuanzia chekechea mpaka darasa la sita, walimu kumi na wanne, na Bi Delphine Prejean kwenye meza ya mbele. Barua za Austin, makao makuu ya jimbo la Texas, ziliwaita wilaya sawasawa na zilivyoziita wilaya zenye shule sabini na viwanja vya mpira vyenye taa. Bi Delphine alipenda kuzisoma kwa sauti ya kejeli, akiwauliza walimu kama kuna aliyeiona hiyo wilaya inayosemwa, maana yeye amekaa hapo miaka kumi na moja na hajaiona.

Alikuwa karani wa takwimu. Kwa maneno ya mtaani, yeye ndiye aliyewaambia wakubwa kwamba watoto wa East Guidry ni akina nani. Weusi mia na ishirini. Walatino sitini na sita. Wavietinamu ishirini na mmoja. Wazungu wanne, wote wa tumbo moja, watoto wa fundi bomba. Wanaokula chakula cha bure mia moja tisini na sita, yaani ukiwatoa watoto wa walimu na wa mchungaji, wote waliobaki. Kila Agosti wazazi walijaza fomu ya kusema wao ni watu wa asili gani, na kila Agosti mzee Alcide Thibeaux, aliyekuwa akilea wajukuu watatu, aligoma kutia alama popote.

"Andika Opelousas," alisema.

"Mzee Alcide, Opelousas ni mji, si kabila."

"Nani kakudanganya? Umeshawahi kumwona mtu wa Opelousas akafanana na mtu mwingine?"

Bi Delphine alicheka, akamtilia alama mwenyewe, mzee akajifanya hakuona.

Shule ilizaliwa baada ya kimbunga. Maji yalipokauka, wilaya kubwa ilisema haitaijenga upya shule ya upande wa mashariki. Watoto wapande basi, wavuke daraja, dakika arobaini kwenda na arobaini kurudi. Kina mama wa parokia walikataa. Miaka miwili waliuza sahani za gumbo, ule mchuzi mzito wa kamba, na maharage mekundu kila Ijumaa, Delphine akiwa ndiye mkoroga sufuria, mpaka wakapata jengo na mkataba. Serikali ya jimbo ilitoa fedha, bodi ya wazazi na wastaafu iliendesha, na mkataba ulikuwa na sharti moja lililojulikana hata na mpishi: ukipewa F, daraja la kufeli, miaka mitatu mfululizo, mlango unafungwa.

F ya kwanza walilia. F ya pili walikasirika. Ya tatu isingewapa nafasi ya kulia wala kukasirika, maana asubuhi yake kusingekuwa na shule. Mwaka juzi walipata alama hamsini na nne, mwaka jana hamsini na saba. Walihitaji sitini. Mjukuu wa Bi Delphine, Jolie, alikuwa darasa la nne hapo hapo, na bibi yake hakuwa tayari kumwona akipanda basi gizani kwenda kwa watu ambao walishasema mara moja kwamba hawamtaki.

Sasa, alama za shule zilikuwa na mambo yake. Jimbo liliwagawa watoto mafungu, likasoma kila fungu peke yake, na fungu lililofanya vibaya liliwavuta wote chini. Lakini fungu lenye watoto chini ya ishirini na watano halikusomwa. Liliwekewa kistari, likapitwa. Na fungu lililoiua East Guidry miaka yote miwili lilikuwa lile la watoto ambao nyumbani kwao hakusemwi Kiingereza. Mwaka jana walikuwa thelathini na mmoja. Kiangazi hicho saba wakaondoka na wazazi wao waliofuata uvuvi wa kamba na kaa sehemu nyingine za pwani. Wakabaki ishirini na nne.

Hesabu hiyo ilifungwa siku moja tu ya mwaka, Ijumaa ya mwisho ya Oktoba. Waliiita Ijumaa ya Picha, ingawa hakuna aliyeshika kamera. Aliyekuwa kwenye daftari siku hiyo alihesabiwa mpaka mwisho wa mwaka; aliyeingia Jumatatu yake alikuwa mwanafunzi kama wengine, alifundishwa, alilishwa, ila kwenye alama za shule hakuwepo.

Ijumaa hiyo asubuhi mkurugenzi wao, Dokta Verlene Arceneaux, aliegemea meza ya Bi Delphine na kikombe cha kahawa. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye kuvaa hereni za lulu hata siku ya kusafisha vyoo, na hakulala vizuri tangu Agosti.

"Ngapi?" aliuliza.

"Ishirini na nne, Dokta. Kama jana. Kama juzi."

"Rehema za Mungu. Tukifunga ofisi saa tisa na robo bado ni ishirini na nne, Jumapili nitawasha mshumaa mkubwa kama mguu wangu."

"Wanangu si ugonjwa, Dokta," ilisema sauti nyuma yao.

Alikuwa Mwalimu Itzel Barrientos, aliyekuja kuchukua karatasi. Ndiye aliyewafundisha hao ishirini na nne, katika chumba kilichokuwa stoo ya magodoro, kisicho na dirisha. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mtoto wa Bondeni kusini karibu na mpaka wa Mexico, mfupi, mkali, na huo ulikuwa mwaka wake wa kwanza pale.

"Hakuna aliyesema ugonjwa, mwanangu," Dokta alimjibu kwa upole. "Nasema hesabu."

"Mnawaombea wasihesabiwe. Na mimi ninawaona wanavyopanda. Khanh alikuja hajui kuomba ruhusa ya kwenda chooni, leo ananisahihisha."

"Nakuamini. Austin hawajui Khanh ni nani."

Itzel alichukua karatasi zake akaondoka bila kuaga. Bi Delphine alimpenda binti yule kwa ukali wake, lakini moyoni alisema: huyu hajaona F, huyu. Ngoja aione.

Saa nane na robo mchana mlango ulifunguliwa. Aliingia mwanamke wa Kivietinamu, amevaa buti za mpira na harufu ya kaa, kabeba mtoto mchanga mgongoni, na pembeni yake binti wa miaka tisa hivi, aliyechanwa nywele zake vizuri zikagawanywa katikati. Mwanamke aliweka juu ya meza bahasha ya kaki iliyojaa, akaipangusa kwa kiganja ingawa ilikuwa safi.

"Shikamoo, bibi," binti alisema. "Mama anasema samahani kwa buti. Ametoka kazini. Tumekuja niandikishwe shule."

Alisema Kiingereza kilichonyooka. Bi Delphine alikisikia na hakukitilia maanani, maana alikuwa anatazama saa.

"Mmetoka wapi, mpenzi?"

"Palacios. Tulikaa miaka mitatu. Baba alikuwa kwenye mashua, sasa haendi tena. Mama amepata kazi kwenye kiwanda cha kaa hapa."

"Na nyumbani mnasema lugha gani?"

"Kivietinamu. Mama hajui kingine. Mimi ndiye nasema kwa ajili yake, benki, hospitali, kote." Akaongeza kwa fahari kidogo, "Vyeti vyangu vyote viko humo. Hata vya chanjo."

Miaka mitatu hapa hapa Texas, si mgeni aliyeingia nchini jana ambaye angesamehewa hesabu. Huyo alihesabika moja kwa moja. Lugha ya nyumbani, Kivietinamu. Fungu lingekuwa ishirini na tano. Alichoona Bi Delphine mbele yake hakikuwa mtoto aliyechanwa nywele. Alichoona ni kufuli mlangoni, na Jolie gizani akisubiri basi. Roho yake ilimwambia neno moja na mdomo wake ukasema jingine.

"Kompyuta yetu imekufa, mpenzi. Tangu asubuhi. Haikubali jina jipya." Nyuma yake kompyuta ilikuwa inawaka, na feni yake ilisikika hadi mlangoni. "Mwambie mama mrudi Jumatatu. Jumatatu asubuhi na mapema, nitakuandikisha mimi mwenyewe."

Binti akamtafsiria mama. Mama akatazama kompyuta, akamtazama Bi Delphine, akasema maneno machache kwa sauti ya chini.

"Mama anasema bosi amempa ruhusa leo tu. Jumatatu hawezi kutoka. Je, naweza kuja mwenyewe?"

"Lazima mzazi aweke sahihi."

"Anaweza kuiweka leo. Mimi nikaleta karatasi Jumatatu."

Lilikuwa wazo zuri. Lilikuwa wazo zuri kuliko la mtu mzima, na Bi Delphine mpaka leo hajui kwa nini hakulishika. Aliogopa sahihi yenye tarehe ya Ijumaa, aliogopa mkaguzi, kwa kweli aliogopa tu.

"Sheria ni sheria, mpenzi. Jumatatu."

Binti alitafsiri tena. Mama akainamisha kichwa kwa heshima, mara mbili, akaichukua bahasha yake ambayo haikufunguliwa. Walipotoka, mtoto mchanga alikuwa amegeuza kichwa anamtazama Bi Delphine, na mlango ukawafungia nje. Saa tisa na robo Dokta Verlene alipita akiinua vidole viwili kisha vinne, na Bi Delphine akamwitikia kwa kichwa.

Jumatatu Bi Delphine alifika saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya mwanga. Alitoa fomu, akaweka na kalamu juu yake. Hawakuja. Jumanne hawakuja. Hakuwa na namba ya simu yao, wala anwani. Alijiambia wamepata shule nyingine, labda ng'ambo ya daraja. Alijiambia hivyo mpaka Desemba, alipokutana na Odette, mwenzake wa kanisani aliyesimamia mizani kwenye kiwanda cha kaa, wakiwa kwenye foleni ya kununua boudin, soseji ya wali.

"Yule Mvietinamu mwenye kichanga?" Odette alisema alipoulizwa. "Ameondoka wiki iliyopita. Wamekwenda Alabama, nasikia. Maskini, alikuwa na binti mkubwa, hodari kweli. Alikuwa akishinda kwenye nyumba yao ya trela, analea mdogo wake."

"Haendi shule?"

"Shule ipi, Delphine? Mama yake alituambia alimpeleka, wakamwambia mashine mbovu." Odette alipokea mfuko wake. "Hata sikujua ni shule gani. Kwenu mashine zenu si nzima?"

"Nzima," Bi Delphine alisema. Alinunua boudin yake, akaila nusu garini, nusu akaitupa.

Hakumwambia mtu. Aliungama kwa padri, ndiyo, lakini aliungama uongo wa kompyuta, si jambo lenyewe, na padri akampa rozari moja. Alijua amejipunguzia kosa. Kilichomtuliza ni hesabu: mtoto mmoja amekosa miezi miwili, watoto mia mbili na kumi na mmoja wana shule. Akijihesabia hivyo usiku aliweza kusinzia.

Majira ya kuchipua mitihani ikaja. Watoto walipewa kifungua kinywa cha mayai, kina mama wa parokia wakafanya novena, sala za siku tisa, mzee Alcide akaja na kofia ya Jumapili kuwasalimia wajukuu wake mlangoni kana kwamba wanakwenda vitani. Kisha wakasubiri kiangazi kizima katika joto na harufu ya mtambo wa mafuta, ile ya mayai yaliyooza ambayo wageni huilalamikia na wenyeji huisikia tu upepo ukigeuka.

Majibu yalifika Agosti, Alhamisi, saa nne asubuhi. Dokta Verlene alimwita Bi Delphine ofisini, akafunga mlango. Hakuvaa hereni.

"Hamsini na nane," alisema.

Bi Delphine alikaa.

"Weusi wamepanda kidogo," Dokta aliendelea, akisoma kwenye kioo cha kompyuta kwa sauti isiyo na kitu ndani yake. "Walatino wako pale pale. Darasa la tano hesabu zimewaangusha. Hamsini na nane. Alama mbili, Bi Delphine. Alama mbili tu." Akashuka na kidole. "Na hawa wa Itzel wana kistari, kama tulivyotaka."

"Wao walipata ngapi?"

"Wao hawakusomwa."

"Najua. Ila matokeo ya kila mtoto tunayo. Nipe."

Ilikuwa tabia ya kazi tu. Mkono wa karani hauwezi kuacha fungu bila kulijumlisha. Dokta alimsogezea karatasi. Bi Delphine alijumlisha majina ishirini na manne, akajumlisha tena kwa mashine, kisha akatoa kalamu akajumlisha kwa mkono, kama alivyofundishwa na watawa. Kusoma, kupanda kutoka mwaka uliotangulia, kuzungumza. Watoto wa stoo ya magodoro walikuwa wamepanda kuliko fungu lolote la shule ile. Walikuwa wamepanda kuliko watoto wa ng'ambo ya daraja. Fungu lao lilikuwa na sabini na tisa.

"Tukiwaweka ndani," Dokta alisema polepole, maana naye alikuwa akipiga hesabu, "tunapata ngapi?"

"Sitini na mbili."

Feni ya dari ilizunguka. Nje mtu alikuwa anakata majani.

Dokta alipiga simu Austin. Kijana aliyepokea alikuwa na adabu sana, akamwita mama kila sentensi, akamweleza kwamba ishirini na nne ni ishirini na nne. Kama wangekuwa ishirini na tano, fungu lingesomwa, hata huyo mmoja angekuwa na sifuri. Alisema anasikitika. Dokta aliweka simu chini, akafunika uso kwa mikono yake mirefu.

"Mmoja," alisema ndani ya viganja. "Mungu wangu, mtoto mmoja tu. Angetokea tu mtu mmoja mlangoni siku ile."

Bi Delphine alimpigia hesabu yule mmoja aliyemjua, akimpa sifuri kila somo, sifuri mtoto aliyekwenda benki na hospitali kusema kwa niaba ya mama yake. Hata hivyo shule ingekuwa na alama sitini na moja. Akafungua mdomo aseme, akaona mabega ya Dokta yakitikisika, akaufunga. Alikuwa mwoga mara ya pili, na mara hii hakuwa na shule ya kuiokoa.

Wiki mbili baadaye bodi ilikutana mara ya mwisho, wazazi wakapiga kelele, mzee Alcide akauliza wajukuu wake wataandikwaje huko ng'ambo, hakuna aliyecheka. Wilaya kubwa ilileta ratiba ya mabasi. Jolie aliisoma, akauliza kama kwenye basi kuna taa.

Siku ya kukabidhi funguo Bi Delphine alikwenda kwenye stoo ya magodoro. Mwalimu Itzel alikuwa juu ya kiti, anabandua kwenye ukuta karatasi zenye majina ya watoto wake, moja moja, taratibu zisichanike. Macho yake yalikuwa yamevimba lakini alikuwa ameshamaliza kulia.

"Sabini na tisa," alisema bila kugeuka. "Dokta kaniambia. Nikamwambia mimi nilijua. Nyie ndio mlikuwa hamjui."

"Kweli tulikuwa hatujui."

"Mliomba wawe wachache, mkapewa. Ndivyo Mungu alivyo, labda." Alibandua karatasi nyingine. "Sina hasira na wewe, Bi Delphine. Wewe ulihesabu waliokuwepo."

Hapo ndipo aliposhindwa. Angeweza kuvumilia kutukanwa. Alishika mlango, akasema yote bila kupumzika: buti, bahasha, kompyuta iliyokuwa inawaka, mama aliyeinamisha kichwa mara mbili, trela, Alabama. Alisema hata lile wazo la binti kuhusu sahihi. Alipomaliza, Itzel alikuwa ameshuka kwenye kiti na amekaa juu yake, karatasi mapajani.

Bi Delphine alingoja apigiwe kelele, na kelele hazikuja.

"Nitamtafuta," Itzel alisema hatimaye. "Nina marafiki wanafundisha Alabama, kule kwenye kaa. Atakuwa kwenye daftari la mtu. Kama hayupo, nitajua hayupo, nitamfuata mama yake." Akatoa kalamu nyuma ya sikio, akageuza karatasi moja upande usioandikwa. "Anaitwa nani?"

Bi Delphine alijua majina mia mbili na kumi na moja, la kwanza na la ukoo, pamoja na tarehe za kuzaliwa na majina ya bibi zao.

"Sikumuuliza," alisema.

Itzel alimtazama mpaka akaelewa kwamba amesikia sawasawa. Kisha akairudisha kalamu nyuma ya sikio, akapanda tena juu ya kiti, akaendelea kubandua.